Vibichi kwa hela ndogo, kwa mwenye tatizo la ulaji: tunavyofanya nyumbani kwangu

Mimi ni mama lishe. Kibanda changu kipo karibu na soko la Sterio, Temeke. Napika wali, ugali, maharage, samaki, mchicha, na Ijumaa pilau. Binti wa dada yangu anakaa kwangu tangu daktari aseme ana anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu akiogope chakula na auogope mwili wake mwenyewe. Alikuja na begi moja na sharti moja: anakula vibichi tu. Tango, karoti, tikiti, kabichi. Chochote kilichopita motoni, kwake kilikuwa "kimekufa". Maneno hayo aliyatoa kwenye video za simu, za watu wenye friji kubwa na blenda ya bei ya pikipiki.

Naandika kwa ajili ya nyumba kama yangu: mgonjwa yupo, hela ni ya kuhesabu, na mgonjwa ameng'ang'ania vibichi. Namwandikia pia mgonjwa mwenyewe, kuna sehemu yake huko chini. Binti ameyasoma yote kabla hayajatoka. Sehemu mbili aliniambia, "Hapa futa, mama mdogo," nikafuta.

Hospitali kwanza, soko baadaye

Mtu aliyekaa muda mrefu bila kula vya kutosha hajazwi chakula siku moja. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya kwenye damu kama fosfati, potasiamu na magnesiamu yanaweza kushuka kwa kasi, na moyo ukashindwa. Madaktari waliyaona haya wazi mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Watu waliotolewa makambini wakiwa mifupa mitupu walilishwa kwa huruma, na baadhi yao wakafa baada ya kushiba. Kwa hiyo shangazi mwenye sufuria na huruma, subiri kwanza. Kiasi cha kuanzia na mwendo wa kuongeza hupangwa na daktari pamoja na mtaalamu wa lishe.

Mkifika mapokezi, msiseme "hana hamu ya kula" mkaishia hapo. Mtatoka na dawa ya minyoo na vitamini. Semeni: anaogopa kunenepa, amepunguza chakula tangu mwezi fulani, hedhi imekata, anaona kizunguzungu akisimama, anatapika au hatapiki, anafanya mazoezi hata akiumwa. Ombeni apimwe damu, apimwe presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama, na apimwe umeme wa moyo. Halafu ulizeni kliniki ya afya ya akili. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo mahali pa kuanzia mkiwa mbali na Dar. Msione haya kukaa kwenye foleni ile. Majirani walishasema karogwa, kaachwa na mchumba, ana ugonjwa ule. Wamesema, wamechoka, wamehamia kwa mwingine.

Kwa nini vibichi peke yake havimfai

Hili nilimuuliza mtaalamu wa lishe mbele ya binti mwenyewe, ili isiwe maneno yangu dhidi ya video zake. Tumbo la mtu aliyejinyima kwa muda husukuma chakula polepole mno. Ukilijaza kabichi na karoti mbichi, linajaa, linavimba, linaleta gesi, na yeye anahisi ameshiba ilhali nguvu aliyoingiza ni ndogo sana. Uvimbe ule ndio unaomtisha zaidi: anashika tumbo, anasema "umeona?", na mlo unaofuata unakuwa vita. Chakula kilichopikwa kinalainika, kinachukua nafasi ndogo tumboni, na mwili unapata nguvu zaidi kutoka kwenye wanga wake.

Hata kwa watu wasio na ugonjwa huu mambo si mepesi. Mwaka 1999 watafiti wa Giessen, Ujerumani, walitoa matokeo ya kuwauliza watu waliokula vibichi kwa muda mrefu. Kati ya wanawake wa chini ya miaka 45, karibu asilimia 30 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au zimekata kabisa. Binti alipoyasikia alinyamaza, maana yake ilishakata.

Lingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba njaa yenyewe inageuza akili. Kati ya 1944 na 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya zao walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi kadhaa. Wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuchukua muda mrefu kumaliza kitu kidogo, kugombana, kujitenga. Walipoingia walikuwa wazima kichwani. Basi ukimwona binti yako anatazama mapishi kwenye simu usiku kucha na asubuhi hagusi chai, usimwite mnafiki. Ubongo una njaa, na ubongo wenye njaa haubishani vizuri. Lisha kwanza, mabishano ya falsafa ya chakula yaje baadaye.

Na bei. Kipindi anakula vibichi tu, hela ya matunda yake peke yake ilizidi hela ya mboga ya nyumba nzima, na saa tisa alasiri mikono yake ilikuwa bado ya baridi. Nguvu ya bei nafuu Tanzania iko kwenye unga wa sembe, mchele, maharage, viazi, mafuta ya kula na karanga. Kati ya hivyo, cha kutafuna bila moto ni karanga tu.

Kibichi kije na mwenzake

Hatukuvipiga marufuku vibichi. Mpwani gani atafuta kachumbari mezani? Mtaalamu wa lishe alikubali vibaki kwa masharti, na mimi sharti lake nimelifanya kanuni ya jikoni: kibichi hakisimami peke yake na hakichukui nafasi ya chakula kilichopikwa. Kinakuja na mwenzake mwenye mafuta, au mwenye protini, au vyote.

Mfano ninaoupika mara nyingi ni kabichi na karoti kwa rojo la karanga. Chukua karanga za kukaanga zilizomenywa, kikombe cha chai kimoja kwa watu wanne. Zitwange kwenye kinu. Mwanzo zinakuwa unga mkavu. Usiache hapo, endelea mpaka zianze kutoa mafuta na kung'ang'ania mchi. Tia punje moja ya kitunguu swaumu na chumvi, twanga tena. Hamishia kwenye bakuli, kamulia ndimu mbili, kisha tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kijiko, ukikoroga. Kwanza rojo litakakamaa na kuwa jeupe, utadhani limeharibika. Ongeza maji kidogo tena, litalainika na kumwagika vizuri. Kabichi ikatwe nyembamba kabisa, karoti iparuzwe, nyanya ziingie mwisho. Changanya na rojo kwa mkono uliooshwa, ukiifinya kabichi kidogo ili ilegee. Iliyolegea hailemei tumbo kama iliyokakamaa. Chumvi usiitie mapema, kabichi itatoa maji na rojo litateleza chini ya bakuli. Hii inakaa pembeni ya wali na maharage. Pembeni, nimesema.

Ndizi mbivu naziponda na mtindi, juu naweka karanga za kusaga. Kwake hicho ni kitafunwa cha saa nne, na hakiondoi chai na chapati ya asubuhi. Parachichi nalikata kwenye kachumbari ya kawaida ya nyanya na vitunguu. Linaifanya iwe tulivu mdomoni na inateremka na ugali bila ugomvi. Nazi nikiikuna kwa ajili ya tui, naweka kando konzi moja kabla ya kukamua, nachanganya na nanasi lililokatwa na tende mbili tatu. Embe bivu na mtindi. Dafu akitaka, anywe maji na ale nyama yake pia. Muuza madafu ana kijiko cha ganda, mwombe tu.

Tikiti na tango vinakuja baada ya mlo, kipande, kama kitu cha kufungia mdomo. Vikitangulia vinakula nafasi yote. Hili binti alilipinga sana, na nikamwambia amwulize daktari wake, si mimi. Mwisho wa siku mimi ni mpishi.

Anayepika ndiye anayepakua. Hapa kwangu mgonjwa hasimami jikoni wakati mafuta yanamwagwa kwenye sufuria, maana kila tone litahesabiwa na kila tone litajadiliwa. Kliniki walituambia, akishapata nguvu atarudi jikoni taratibu. Kwa sasa kazi yake ni kukaa na kula, kazi ya kutosha hiyo.

Sokoni

Video zake zilitaka lozi, chia na matunda madogo ya buluu ambayo mimi nimeyaona supermarket kwenye kiboksi, nikasoma bei, nikaondoka. Sisi tuna karanga, ufuta, mbegu za maboga na korosho. Korosho zilizovunjika zinauzwa nafuu kuliko nzima, na ladha ni ileile. Mbegu za maboga usizitupe unapopika boga: zioshe, zikaushe juani, zikaange kidogo na chumvi. Binti alitaka nisizikaange. Sawa, zikaushwe vizuri tu.

Nunua vya msimu. Machungwa ya Muheza yakijaa mjini katikati ya mwaka, fungu linakuwa kubwa kwa bei ileile. Maembe yakifika Novemba na Desemba, kula maembe. Mananasi yanateremka kutoka Kiwangwa, upande wa Bagamoyo. Maparachichi yanatoka Njombe na Rungwe. Nunua magumu, yafunge kwenye gazeti pamoja na ndizi moja mbivu, yataiva yenyewe bila kulipia bei ya lililoiva. Jioni, kabla genge halijafungwa, mwenye genge hataki kulala na ndizi zenye madoa. Ndizi yenye madoa ni tamu zaidi na ni laini tumboni, na nusu ya bei. Lakini iliyopasuka au inayotoa maji mwachie, hata akikupa bure.

Kuna uzuri mmoja wa soko letu ambao sikuujua mpaka nilipokaa na mgonjwa huyu. Vitu vinauzwa kwa fungu, kwa kisado, kwa kipimo cha kopo. Ndizi haina karatasi ya kuonyesha ina kalori ngapi. Binti alikuwa amezoea kusoma kila pakiti nyuma kabla hajasoma jina lake mbele; pale Sterio hakuna cha kusoma. Mama wa karanga anajaza kopo, anaongeza nyongeza juu, anamwaga kwenye mfuko. Nyongeza ile mwanzo ilimliza kabisa, alitaka irudishwe. Sasa anaichukua. Kama mgonjwa wako anahesabu, vya pakiti vihamishie kwenye makopo yako nyumbani, pakiti tupa nje, na mizani ya jikoni ikopeshe kwa jirani asiyerudisha vitu.

Mwanzoni asiende sokoni peke yake. Akienda, mwandikie orodha nyumbani, vitu na mafungu, na yeye kazi yake iwe kuchagua nanasi lipi, si kuamua kama nanasi linunuliwe. Na chai zile za majani za "kupunguza tumbo" zinazouzwa kila kona, zisiingie nyumbani kwa jina lolote. Zinaendesha, zinatoa chumvi mwilini, na moyo wake hauna za kutoa.

Kuosha

Anayekula kibichi hana moto wa kumsaidia, na mwili uliodhoofika hauna akiba ya kupambana na kuharisha. Mwaka 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, wauza vyakula ndio waliotazamwa vibaya mbele ya wote, na haki ilikuwepo: tango lililooshwa kwa maji ya kisima ni hatari kuliko samaki wa jana aliyechemshwa.

Osha mikono kwa sabuni. Osha mboga kwanza kwa maji yanayotiririka, ukisugua, hata kama utaimenya, kwa sababu kisu kinabeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani, tikiti hasa. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya maji ya dukani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa yenyewe. Kabichi ifunguliwe jani jani, la nje litupwe. Kibao cha kukatia samaki kisikate kachumbari. Matunda yaliyokwisha kukatwa, yamepangwa barabarani kwenye nailoni, yarukeni tu, nunueni mazima. Mimi ni mfanyabiashara wa chakula na ndivyo ninavyowaambia.

Ambavyo haviliwi vibichi, hata video iseme nini

Mihogo. Najua, mjini wapo wanaouza mihogo mibichi na nazi na karanga, na wanaume wanatafuna wanasimama wima wakijisifu. Mihogo ina kemikali inayogeuka kuwa sayanidi, na ile michungu ina nyingi. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia protini, na mtu asiyekula vizuri hana protini ya kutosha. Wakati wa ukame wa 1985, Tarime walipata ugonjwa unaoitwa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiorudi nyuma, kwa kula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri huku chakula kingine hakipo. Mwenye anoreksia ana ukame wake mwenyewe ndani ya mwili. Kwake mihogo ni ya kuchemshwa.

Maharage mabichi au yaliyolowekwa tu yana sumu inayokufa kwa kuchemka sawasawa. Mayai mabichi, hapana. Maziwa mabichi ya kutoka kwa mfugaji yachemshwe. Mtindi uwe wa maziwa yaliyochemshwa. Kisamvu kibichi ni jamaa ya mihogo, kitwangwe na kichemke. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe zote. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Na akitaka vibichi kwa sababu anasema vina vitamini, mpe ukweli wa pande zote mbili. Vitamini C inapungua kwa moto, kwa hiyo chungwa na pilipili hoho vibaki vibichi. Karoti na nyanya, mwili unafaidi zaidi rangi zao zikipikwa na mafuta. Vitamini B12 haipo kwenye tunda lolote. Iko kwenye samaki, dagaa, mayai, maziwa na nyama. Madini ya chuma ya mchicha yanaingia vizuri ukikamuliwa ndimu juu yake, na chai ya rangi inayazuia, kwa hiyo chai isinywewe pamoja na chakula.

Mezani

Kwetu tulizoea sinia moja. Kwa mgonjwa huyu sinia ni maficho. Mkono wake unakwenda na kurudi na hakuna anayejua umebeba nini. Mpakulie sahani yake, kaa naye, kula cha kwako. Ongea habari za mtaani, mpira, ada za shule, chochote isipokuwa chakula na miili ya watu.

Mazungumzo yetu ya kawaida yalikuwa hivi:

"Mama mdogo, leo naomba kachumbari tu."

"Kachumbari hiyo hapo, mwanangu. Na wali huo."

"Wali siwezi."

"Najua ni mgumu. Nimekaa, siendi popote."

Basi. Sihubiri, simtajii watoto wenye njaa, simwambii mama yake analia. Wakati mwingine mlo unachukua saa nzima na mimi nina wateja. Siku hizo binamu yake wa kiume anakaa naye, na ameshajua kupiga stori za Simba na Yanga bila kutazama sahani. Mkimaliza, akae nanyi sebuleni kidogo, asikimbilie chooni wala kuanza kufagia uwanja wote.

Wageni waambieni mapema. Kwetu kumwambia mtu "umenenepa" ni kumsifu, na "umenawiri" ni sifa zaidi. Kwake neno hilo moja linaweza kufunga mdomo siku nzima. Dada wa msikitini alimwambia hivyo mlangoni kwa upendo kabisa, na sufuria ya mchana ikarudi ilivyo. Nimewafundisha kusema "nimefurahi kukuona". Inatosha.

Ramadhani. Hili liamueni mapema, mwezi wa Shaabani, siyo usiku wa kwanza wa kula daku. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, ipo wazi katika Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Daktari wetu alimkataza kufunga, tukamwendea sheikh, naye akasema kama daktari amekataza basi amekataza. Masuala ya kulipa au fidia atamwelekeza akipona. Tatizo la binti halikuwa dini. Alikuwa anaipenda funga kwa sababu nyingine, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisema hilo mbele ya sheikh. Kwa Wakristo na Kwaresima, nendeni kwa padri au mchungaji kwa namna hiyohiyo.

Ukiwa wewe ndiye mgonjwa, unaishi peke yako

Umepanga chumba, una jiko la mchina na sufuria mbili, na hakuna wa kukupakulia. Chukua ushauri wa mwenye biashara: tafuta mama lishe mmoja, mzoee, ule kwake angalau mlo mmoja kila siku kwa saa ileile. Sahani ya wali maharage na mboga mtaani kwetu ni elfu mbili, elfu mbili na mia tano. Imepakuliwa na mtu mwingine, imepimwa kwa upawa, bei ni moja kwa wote na huwezi kuijadili. Mwambie siku ya kwanza, ukiwa bado na ujasiri: "Mama, nipakulie kama wengine, hata nikisema punguza." Wengi tutaelewa bila maelezo. Nina mteja mmoja wa namna hiyo, mwanafunzi wa chuo, anakaa kona ile karibu na ndoo ya maji, anageuza mgongo kwa watu. Namletea sahani na kachumbari kwenye kibakuli, namwacha.

Nyumbani weka vitu visivyohitaji uamuzi: ndizi, mkate, karanga za kusaga, mayai ya kuchemsha, mtindi. Kwenye siku ambayo kupika kunakushinda, ndizi mbili na karanga na glasi ya maziwa ni bora mara mia kuliko bakuli la matango lililopambwa. Zile kurasa za kula "safi" ziache kufuata, angalau mpaka kliniki ikuruhusu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, dada, mwenzako wa chumba, mwalimu, jina la ugonjwa wako na siku yako ya kliniki, ili usipokwenda akuulize.

Na kama vibichi unavitaka kwa sababu unavipenda kweli, vitakuwepo. Embe haliendi popote. Jiulize tu: ningekipenda hiki kama kingekuwa kimemwagiwa tui? Kama jibu ni hofu, peleka jibu hilo kliniki.

Ondoka nyumbani mara moja ukiona haya

Amezimia, hata kama ameamka mwenyewe. Moyo unapiga taratibu sana au unarukaruka, au kifua kinauma. Miguu imevimba, hasa baada ya kuanza kula zaidi. Anapumua kwa shida, amechanganyikiwa, ana degedege. Anatapika damu. Hajanywa wala kula kitu kutwa nzima na anakataa. Anasema hataki kuishi, au anagawa vitu vyake. Huyo asiachwe peke yake hata dakika, na dawa zote za nyumbani zifungiwe.

Msingoje asubuhi, na msimpe kwanza "kitu cha kumtia nguvu" kama glukosi ya maji mengi au juisi ya miwa, kwa sababu zile nilizozitaja mwanzo. Beba kadi yake ya kliniki na dawa anazotumia. Bodaboda haifai kwa mtu anayeweza kuzimia njiani; tafuta bajaji au gari, na mtu mmoja akae naye nyuma, amshike.